Magunia Mawili Chini ya Kitanda

Maneno yalimkuta bombani, Ijumaa asubuhi, ndoo yake ikiwa ya nne kwenye mstari. Ati yule mama wa Kichaga wa chumba cha tatu, nyumba ya pili kutoka kwa balozi wa nyumba kumi, pamoja na upole wake wote ule, amelalia magunia mawili ya sukari. Aliyesema hakujua kwamba mwenyewe kasimama nyuma yake. Alipogeuka akamwona, akajifanya anakohoa.

Euphrasia, ambaye pale Gerezani wote walimwita Mama Tarsis kwa jina la mwanawe wa kwanza, alichota maji yake, akajitwisha, akaondoka bila kumwaga hata tone. Lakini maneno yalimfuata mpaka ndani. Aliyasikia kwenye sufuria ikichemka. Aliyasikia kwenye ufagio. Magunia mawili. Magunia mawili.

Mwaka ule haukuwa mwaka wa kusemwa hivyo. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Watu waliingiliwa majumbani, magodoro yakapinduliwa, na aliyekutwa na katoni ya sabuni asiyoweza kuieleza alipandishwa gari, watoto wakabaki mlangoni. Sukari ilikuwa ya foleni. Sabuni ya foleni, na waliokosa walifulia majani ya mpapai. Ukisemwa una magunia mawili ya sukari ni sawa na kusemwa umeua mtu.

Na kilichomchoma zaidi ni kwamba uongo ule ulikuwa na mguu mmoja wa ukweli. Chini ya kitanda chake gunia lilikuwepo. Moja. Lilikuwa la ulezi, limetumwa na mama mkwe wake kutoka Kibosho kwa basi, la kupikia pombe ya mbege siku ya kipaimara cha Tarsis. Ulezi si sukari, lakini mpekuzi mwenye haraka haulizi gunia lina nini. Anaanza kuandika.

Nani alijua? Mumewe Vitalis, fundi wa karakana ya reli. Elisaria, Mpare aliyefanya kazi na Vitalis, ndiye aliyemsaidia kulibeba kutoka stendi. Watoto wawili, Tarsis na Josepha. Na Sabaha.

Sabaha wa chumba cha nne, Mama Sofia, mwenyeji wa Kilwa. Majuma mawili nyuma alikuja kuazima pasi ya mkaa. Pasi ilikuwa chini ya kitanda. Euphrasia aliinama, akalisogeza gunia kwa goti ili aifikie, na alipoinua uso akamkuta Sabaha kalikazia macho lile gunia.

"Ni yeye," Euphrasia alijisemea. "Kaona moja, kaenda kutangaza mawili. Hata idadi kaniongezea!"

Siku nzima ile hakumsalimu. Sabaha alipita uani akasema, "Shoga, leo umenuna, kunani?" Euphrasia akajibu, "Jino tu." Na ndani ya moyo akasema: jino kwa jino.

Maana naye alijua la Sabaha. Sabaha alikuwa na kaka baharia, Mrisho, na kila Mrisho alipotia nanga alimletea dadake doti moja ya kanga, kanga mpya, za rangi kali, wakati ambapo madukani rafu zilikuwa tupu. Zilifika doti sita. Sabaha aliziweka kwenye sanduku la bati kwa ajili ya binti yake Sofia, aliyekuwa aolewe kabla ya mfungo. Siku moja alimfungulia Euphrasia sanduku lile, akamwonyesha moja moja huku anazipapasa kama mtu anayepapasa mtoto mchanga. "Macho yako tu haya, shoga," alimwambia. "Hata dada zangu hawajui."

Jumamosi asubuhi, Vitalis alipokwenda karakana na watoto walipokuwa uani, Euphrasia alichana karatasi katikati ya daftari la Tarsis, pale penye pini, ili isijulikane. Akakaa kitandani, ubao wa kukatia mboga mapajani, akaandika. Alisoma hadi darasa la nne kwa masista, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Aliupinda makusudi.

"Kwa Ndugu Katibu. Nakujulisha ya kuwa nyumba ya pili kutoka kwa balozi, chumba cha nne, kuna sanduku la bati lina kanga mpya doti sita za magendo zimeletwa na baharia. Wananchi tunavaa matambara. Njooni mtazame. Ni mimi Mwananchi Mpenda Haki."

Akasoma tena. Akaona inatosha, haina hata neno la uongo. Hilo ndilo lililomfurahisha. Yule mwingine alitumia uongo, yeye anatumia kweli. Alikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani, akachukua kapu kana kwamba anakwenda Kariakoo kutafuta mchicha.

Nje ya ofisi ya tawi la Chama kulitundikwa sanduku la maoni, la mbao, lenye kufuli na tundu jembamba kama mdomo wa bibi asiye na meno. Katibu alilifungua kila Jumatatu asubuhi. Euphrasia alitazama kushoto, akatazama kulia, akaitumbukiza. Aliisikia ikigusa chini. Sauti ndogo sana, lakini alirudi nayo nyumbani kama aliyebeba ngoma. Mchicha alisahau.

Alipofika alimkuta Vitalis mlangoni, kavua viatu, anamsuka Josepha nywele.

"We, kazini vipi?" aliuliza.

"Hakuna kazi. Vipuri hakuna, mafuta hakuna. Tumeambiwa tuonane Jumatatu." Akacheka. "Mama Tarsis, tangu tuhamie mji huu nimewahi kukaa nyumbani Jumamosi na Jumapili zote mbili?"

Hajawahi. Miaka tisa. Kila mwisho wa wiki ilikuwa zamu, behewa lililoanguka, treni iliyochelewa. Watoto walimjua baba yao kwa harufu ya grisi na mgongo unaotoka mlangoni.

"Basi leo hatutoki," Vitalis alisema. "Tunakaa."

Wakakaa. Masika yalikuwa yanamalizikia, mvua ikashuka saa sita juu ya mabati ikafunga midomo ya watu wote. Hawakuwa na kitu: ugali wa yanga, ule wa unga wa njano wa msaada, na dagaa wa Feri. Lakini Vitalis aliukata ugali kwa uzi kama keki, akampa kila mtu kipande chenye jina. "Hiki cha Askofu Tarsis. Hiki cha Malkia Josepha. Hiki kikubwa cha mama yenu, asiyecheka." Baada ya chakula akachora drafti kwenye ubao uleule wa kukatia mboga, akapanga vifuniko vya soda, akafungwa na Tarsis mara tatu mfululizo. Josepha akalala juu ya mguu wake, naye hakuusogeza mpaka ukafa ganzi.

Na Euphrasia? Alikuwa pale, lakini hakuwa pale. Alikuwa kama mtu aliyebandika maharage jikoni, masikio yote yako kwenye chungu. Kila Sabaha alipocheka ng'ambo ya ukuta, Euphrasia alijisemea: cheka, mama, cheka, Jumatatu si mbali. Aliona sanduku la bati likiburutwa ukumbini. Aliona kanga zikitupwa sakafuni. Alimwona Sabaha akimtazama yeye, na yeye akijibu kwa uso mkavu, "Pole shoga, kunani?" Picha hiyo aliirudia mpaka ikawa tamu kuliko chakula.

"Unawaza nini?" Vitalis alimuuliza.

Akamweleza ya bombani. Ya barua hakumweleza.

"Gunia lipo," Vitalis alisema. "Basi kesho tulitoe uani tulifungue. Tupepete ulezi mbele ya watu wote. Kitu kikikaa juani hakina uvumi."

"Na aliyenisema?"

"Aliyekusema atakunywa uji kama wengine."

"Wewe huna damu, Baba Tarsis."

"Damu ninayo. Ila nimechoka, mke wangu, na leo nimepumzika."

Jumapili walirudi kutoka misa ya kwanza, wakanywa chai ya rangi isiyo na sukari. Ilipogonga saa nane mji ukanyamaza, maana siku hizo Jumapili ikishafika saa nane magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea ili kuokoa petroli. Hapo ndipo uliposikia Dar es Salaam ilivyo kwa kweli: kuku, redio ya jirani, mtoto anaitwa, kata inagonga mtungi. Vitalis na Tarsis walilivuta gunia mpaka uani, wakalifungua mdomo, na ulezi mwekundu ukamwagika juu ya mkeka.

Wanawake wa vyumba vyote walitoka kutazama. Mmoja akacheka kwa aibu akasema, "Kumbe ni ulezi!" Sabaha alikwenda chumbani kwake, akarudi na ungo wake, akaketi mbele ya Euphrasia, akaanza kupepeta.

Walipepeta wawili wale, ungo kwa ungo, kama watu wanaocheza ngoma moja. Makapi yakaruka. Sofia na Josepha wakawa wanachagua mawe.

"Mimi niliwaambia," Sabaha alisema bila kuinua macho. "Juzi bombani wanasema sukari, nikawaambia ni nafaka, nimeliona gunia kwa macho yangu nilipokwenda kuazima pasi."

Euphrasia alihisi damu inampanda kichwani. Kwa hiyo umekiri! Umesema kwa mdomo wako kwamba ulinisema! Aliupiga ungo mpaka ulezi mzima ukaruka pamoja na makapi. Akajisemea: nilifanya vyema. Laiti ningeandika na jina la Mrisho.

Ndipo hodi ikabishwa ukumbini, na sauti kubwa ikatangulia mwenye nayo. "Mangi! Mangi upo? Nimetembea kwa miguu toka Ilala, nipe hata maji ya kunawa uso!"

Alikuwa Elisaria, anamwita Vitalis kwa cheo cha machifu wa Kichaga. Sasa ieleweke: Mpare na Mchaga ni watani. Mtani akikutukana hununi. Akikunyang'anya kofia unamwachia. Na akikuzushia jambo hulikanushi, maana ukikanusha umeshindwa. Unaliongeza, unamrudishia kubwa zaidi, watu wanacheka, mambo yanaishia hapo. Ndivyo walivyolelewa wote wawili.

"Karibu, Mpare," Vitalis alisema. "Umekuja kutushtaki kwa kuku gani leo? Maana nyinyi mtauza ng'ombe mshinde kesi ya kuku."

"Nimekuja kuona utajiri wa Wachaga." Elisaria aliuzunguka mkeka, mikono nyuma kama bwana shamba. Akamwinamia Euphrasia. "Shemeji, hili ni moja. La pili umelificha wapi?"

"La pili lipi?" Euphrasia aliuliza kwa ukali.

"Ah! Unanikana mimi? Jumanne kwenye foleni ya sabuni, si nilikwambia mbele ya watu, 'Wewe Mchaga unapanga foleni kutuzuga tu, na nimekubebea gunia la sukari mwenyewe'? Ukanijibu nini? Ukajishika kiuno, ukasema, 'Moja? Ni mawili, Mpare! Na moja lake mume wangu analifanya mto!' Foleni nzima ikacheka. Yule mama mwenye kilemba cha kijani alicheka mpaka akapoteza nafasi yake."

Uani wote wakacheka tena. Vitalis alicheka akafuta macho. Ungo wa Euphrasia ulisimama hewani.

Mawili. Neno lile lilikuwa lake. Alilitoa mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu sitini asiowajua, mwaka wa msako. Alikuwa amelisahau kabisa, maana maneno ya utani hayawekwi akiba, yanatupwa palepale. Lakini kwenye foleni si kila mtu ni Mpare wala Mchaga. Wengine waliyaokota.

Aliutua ungo chini. "Nakwenda mara moja," alisema, akajifunga kanga yake kuukuu na kutoka.

Alifika tawini akihema. Aliingiza kidole kwenye lile tundu, akaingiza kijiti, akaingiza pini ya nywele. Mlinzi aliyekaa barazani alimsogelea.

"Mama, unatafuta nini humo?"

"Nimetia maoni, baba. Nimebadili mawazo."

Mlinzi akacheka polepole. "Maoni yakishaingia hayatoki, mama. Ngoja kesho, umwambie Katibu mwenyewe. Jina lako nani?"

Hakusema jina. Angemwambia Katibu nini? Kwamba yeye ndiye Mwananchi Mpenda Haki? Alirudi nyumbani kwa miguu mizito, barabara nzima tupu, hata gari la kumpigia honi halikuwepo.

Jua lilikuwa linashuka. Sabaha alikuwa chumbani kwake anatandika mswala. Euphrasia aliingia, akafunga mlango, akapiga magoti. Alieleza yote, bombani mpaka kijiti. Hakulia, maana alijua hana haki ya kulia.

Sabaha alisikiliza akiwa amesimama.

"Umeandika jina langu?"

"Nimeandika chumba."

"Na idadi?"

"Sita."

"Sita." Sabaha alitikisa kichwa. "Hata hukukosea. Mtu nimemfungulia sanduku, akahesabu."

"Mama Sofia, nilidhani wewe ndiye..."

"Ulidhani. Bombani mimi nilibishana kwa ajili yako mpaka nikaitwa hawara wa Wachaga. Ulidhani! Toka. Niache niswali. Nikiongea sasa hivi nitavunja udhu."

Euphrasia alitoka. Kwake alimkuta Vitalis kalala chali juu ya mkeka, watoto kila upande, Elisaria kashaondoka. Chungu cha uji wa ulezi kiko mezani, kikombe chake kimefunikwa kwa sahani. "Tumekusubiri, tukashindwa," Vitalis alisema. "Mke wangu, siku mbili hizi zimenipa miaka. Asante." Euphrasia akaketi pembeni ya mkeka. Hapo ndipo alipoziona zile siku mbili. Aliziona zikiwa zimekwisha. Zote alikuwa ameziangalia kwa kisogo, ameukodolea macho ukuta wa jirani.

Baada ya swala Sabaha alipita mlango kwa mlango na mzigo kwapani. Nyumba ilikuwa na vyumba sita; doti ya chumba chake alikuwa kajifunga mwenyewe. Kila mlango alibisha, akasema kwa sauti ya sherehe, "Sofia wangu anawaaga kabla ya harusi. Pokeeni, na kesho asubuhi nataka niwaone nyote mmependeza, tusindikize bahati yake." Wanawake walipiga vigelegele. Kanga mpya, mwaka ule! Walimbusu mikono. Na Sofia alisimama ukumbini, anatazama sanduku lake likigawanywa chumba kwa chumba.

Mlango wa Euphrasia aliuweka wa mwisho.

"Hii nimekuchagulia wewe," alisema, akaikunjua mwenyewe ili isomeke. Nyekundu na nyeupe, na chini yake maandishi: AHSANTE JIRANI KWA WEMA WAKO.

"Mama Sofia, siwezi."

"Utaweza. Utaivaa kesho bombani. Na keshokutwa. Utaivaa mpaka ichanike. Watu watasema, mtazame Mama Tarsis, anavyompenda jirani yake. Na mimi nitakuwa nakutazama." Kisha akageukia ndani, kwa tabasamu. "Usiku mwema, Baba Tarsis."

"Ahsante sana, shemeji!" Vitalis aliitikia. "Mungu akulipe!"

Jumatatu saa nne walikuja wanaume wawili pamoja na Mzee Bakili, balozi wa nyumba kumi. Walifungua sanduku la bati wakakuta udi, kitana na gauni moja. Chumba cha tatu walikuta gunia la ulezi liko wazi, na mtoto analichota kwa kikombe. Uani wanawake sita walikuwa wanafua, kila mmoja na kanga yake kiunoni. Mmoja wa wale wanaume aliwatazama kwa muda mrefu, akasoma ya Euphrasia kwa sauti, akasema, "Nyumba yenye upendo hii." Wakaondoka.

Sofia aliolewa kwa kanga za kuazima, na mama mkwe wake alilisema jambo hilo hata baada ya Sofia kuzaa mara mbili. Wanawake wengine walitaka kurudisha, Sabaha akakataa: kanga iliyokwisha kufuliwa kwa majani ya mpapai si ya bibi harusi. Euphrasia aliirudisha yake mara tatu. Mara tatu aliikuta imewekwa mlangoni kwake, imekunjwa vizuri.

Karakana ilipata vipuri wiki ileile. Mpaka Vitalis anastaafu hawakupata tena Jumamosi na Jumapili zote mbili pamoja nyumbani. Ile kanga ilidumu miaka saba. Ilikuwa kanga imara sana.

Mama mwenzangu unayesoma, ya kuepuka ni haya:

Usimjibu mtani kwenye foleni. Ngoja mfike nyumbani.

Usimhukumu mtu kwa kuwa ndiye wa mwisho kuingia chumbani kwako.

Idadi ikiongezeka, jiulize kwanza wewe ulisema ngapi.

Usiandike barua siku uliyoamka na hasira, hata kama kila neno lake ni kweli. Hasa kama ni kweli.

Usitie kitu kwenye sanduku ambalo ufunguo wake hunao.

Ukifunguliwa sanduku la mwenzio, usihesabu.

Usimfiche mumeo jambo ambalo jirani atalijua kabla yake.

Usikae na wanao siku mbili huku masikio yako yako ukutani.

Usiuache uji upoe.